Kasoko za mgongano kwenye miezi ya barafu

Kasoko za mgongano kwenye miezi ya barafu ni mashimo yaliyochimbwa na nyotamkia, asteroidi au vipande vingine vilivyogonga miezi ambayo ganda lake la nje ni barafu. Miezi hiyo huzunguka sayari kubwa nne za nje za Mfumo wa Jua, yaani Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptun. Mifano inayojulikana zaidi ni Valhalla kwenye Callisto, Pwyll kwenye Europa, Herschel kwenye Mimas na Odysseus kwenye Tethys.

Kwa mtazamo wa kwanza kasoko hizi hufanana na zile za Mwezi wa Dunia. Zikipimwa, huonekana kuwa na kina kidogo zaidi, na nyingine zina maumbo ambayo ni nadra au hayapo kabisa kwenye miamba. Sababu ni kwamba barafu hulegea na kutiririka pale inapopata joto, na chini yake mara nyingi kuna bahari ya maji.

Hadi sasa hakuna chombo kilichowahi kutoboa ganda la mwezi wowote wa barafu. Kwa hiyo kasoko ni miongoni mwa njia chache za kujua kilicho chini ya uso. Kila mgongano mkubwa umelijaribu ganda mara moja, na umbo la shimo lililobaki huonyesha kama ganda lilikuwa nene au jembamba, baridi au vuguvugu, siku lilipogongwa.

## Barafu kama mwamba

Barafu inayopatikana duniani huwa karibu na kiwango chake cha kuyeyuka, yaani 0 °C. Ndiyo maana barafuto za milimani hutiririka polepole kwa uzito wake zenyewe. Kwenye miezi ya Mshtarii jotoridi la uso ni takriban -160 °C, kwenye miezi ya Zohali ni chini ya -170 °C, na kwenye Triton, mwezi mkubwa wa Neptun, ni takriban -235 °C. Katika baridi ya namna hiyo barafu ya maji huwa ngumu kama jiwe, nayo hujenga milima, magenge na mabonde.

Hata hivyo barafu hutofautiana na mwamba wa kawaida kwa mambo matatu yanayoathiri kasoko:

* Ni dhaifu zaidi. Kuta za shimo lililochimbwa katika barafu huporomoka mapema kuliko kuta za shimo la mwambani.
* Huyeyuka kwa urahisi zaidi, hivyo mgongano huzaa maji mengi. Mwamba ulioyeyuka kwa kawaida ni mwepesi kuliko mwamba mgumu, lakini maji ni mazito kuliko barafu. Maji hayo huweza kuzama katika nyufa za sakafu ya kasoko.
* Jotoridi huongezeka kadiri mtu anavyoshuka chini. Katika kina fulani barafu huwa laini na kuanza kutiririka, na chini zaidi inaweza kuwa maji kabisa.

Kutokana na hayo, ganda la mwezi wa barafu huelezwa mara nyingi kuwa na tabaka gumu juu, barafu laini katikati na bahari chini. Si kila mwezi una tabaka zote tatu.

## Jinsi kasoko inavyotokea

Vitu vingi vinavyogonga miezi ya Mshtarii ni nyotamkia zinazovutwa na graviti kubwa ya sayari hiyo. Kadiri mwezi unavyokuwa karibu na sayari, ndivyo mgongano unavyokuwa wa kasi zaidi. Kasi ya wastani hukadiriwa kuwa kilomita 15 kwa sekunde kwenye Callisto, kilomita 20 kwenye Ganymede na kilomita 26 kwenye Europa.

Tukio lenyewe hugawanywa katika hatua tatu. Kwanza kitu hugusa uso, na mshtuko mkubwa husambaa ndani ya ganda huku kitu hicho kikiyeyuka au kugeuka mvuke. Pili, barafu husukumwa chini na kurushwa nje, na shimo lenye umbo la bakuli hufunguka. Tatu, shimo hilo la muda hurekebishwa na graviti: kuta huporomoka, sakafu huinuka, na vifusi vilivyorushwa huanguka kuzunguka ukingo. Vifusi vinavyoanguka mbali huweza kuchimba mashimo madogo yanayoitwa kasoko za upili.

Hatua zote hizi huisha katika muda mfupi. Mabadiliko yanayofuata baadaye, kama vile kulegea kwa barafu, huchukua mamilioni ya miaka.

## Maumbo kulingana na ukubwa

Kasoko ndogo huwa na umbo la bakuli. Zinazozidi ukubwa fulani huwa na sakafu bapa, kuta zenye ngazi na kilele katikati. Kwenye Mwezi wa Dunia mabadiliko haya hutokea kipenyo kinapofikia takriban kilomita 15 hadi 20. Kwenye Ganymede hutokea mapema zaidi, kwenye kipenyo cha kilomita 2 hadi 3 tu. Kwa kuwa graviti ya Ganymede inakaribiana na ile ya Mwezi wa Dunia, tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa graviti. Inatokana na udhaifu wa barafu.

Kwenye Ganymede na Callisto maumbo huendelea kubadilika kadiri kasoko zinavyokuwa kubwa:

* Kasoko zenye kipenyo kinachozidi takriban kilomita 30 mara nyingi zina shimo katikati badala ya kilele. Maelezo mojawapo ni kwamba maji yaliyoyeyushwa na mgongano yalizama katika nyufa chini ya sakafu na kuacha uwazi juu.
* Nyingi za zile zinazozidi takriban kilomita 60 zina kuba la mviringo ndani ya shimo hilo la katikati.
* Matukio makubwa kabisa yaliacha mabeseni yenye pete nyingi zinazozunguka kitovu kimoja.

Mashimo ya katikati yanapatikana pia kwenye Mirihi, ambako kuna barafu ardhini, lakini ni nadra mno kwenye Mwezi wa Dunia.

Pete za mabeseni hutokea pale tabaka gumu la juu linapokuwa jembamba kulingana na ukubwa wa mgongano. Shimo la muda linapojifunga, barafu laini ya chini hutiririka kuelekea katikati na kuliburuta tabaka la juu. Tabaka hilo haliwezi kutiririka, hivyo hukatika kwa duara moja baada ya nyingine.

## Kulegea kwa barafu

Kasoko ikishatokea haibaki vilevile. Barafu ya chini yenye joto kiasi hutiririka polepole ili kusawazisha tofauti ya uzito kati ya ukingo na sakafu. Baada ya muda mrefu ukingo hushuka na sakafu huinuka, wakati mwingine hadi kuwa mbinuko. Kasoko kubwa hulegea haraka kuliko ndogo kwa sababu uzito wake hufika kwenye tabaka za kina, ambako barafu ni laini zaidi. Kwa hiyo inawezekana kukuta kasoko kubwa iliyokaribia kusawazika ikiwa na kasoko ndogo ndani yake ambazo bado zina kina kamili.

Kasi ya kulegea hutegemea joto linalotoka ndani ya mwezi. Joto hilo hutokana na elementi nururifu zilizomo katika miamba ya kiini, na kwa miezi mingine hutokana na kani zilezile zinazosababisha maji ya bahari za Dunia kujaa na kupwa. Mwezi ukizunguka sayari yake kwa njia isiyo duara kamili, hubanwa na kuachiwa katika kila mzunguko, na msuguano wa ndani huzaa joto. Wanasayansi hupima kiasi ambacho kasoko zimelegea, kisha hukadiria joto lililopita katika ganda hapo zamani.

## Miezi ya Mshtarii

Picha za kwanza za karibu za miezi hii zilipigwa na vipimaanga Voyager 1 na Voyager 2 mwaka 1979. Kipimaanga Galileo kiliichunguza kwa undani zaidi kati ya miaka 1995 na 2003. Miezi mitatu ya barafu iliyo jirani hapa, yaani Callisto, Ganymede na Europa, inaonyesha wazi jinsi joto la ndani linavyofuta kasoko.

### Callisto

Callisto iko mbali na Mshtarii na haipati joto kubwa la kubanwa na kuachiwa. Uso wake umejaa kasoko na hukadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka bilioni 4. Beseni la Valhalla lina eneo jeupe katikati na pete nyingi zinazoenea hadi kipenyo cha takriban kilomita 3,800. Ni mojawapo ya miundo mikubwa kabisa ya mgongano katika Mfumo wa Jua. Beseni lingine lenye pete nyingi ni Asgard.

Kwenye Utaridi, eneo lililo upande wa pili wa beseni la Caloris lilivurugwa na mitetemo iliyokutana huko baada ya kuzunguka sayari. Upande wa pili wa Valhalla hauna msukosuko kama huo. Hali hiyo imechukuliwa kuwa dalili kwamba kuna tabaka la maji ndani ya Callisto lililopunguza nguvu ya mitetemo. Vipimo vya ugasumaku vya Galileo navyo vilionyesha dalili za bahari ya chumvi chini ya barafu.

### Ganymede

Ganymede ndio mwezi mkubwa kuliko yote katika Mfumo wa Jua, ukiwa na kipenyo cha kilomita 5,268. Uso wake una maeneo ya aina mbili: maeneo meusi ya kale yenye kasoko nyingi, na maeneo meupe yenye mifereji ambayo ni changa zaidi na yana kasoko chache.

Katika maeneo ya kale kuna madoa meupe ya mviringo yasiyo na ukingo wala kina. Huitwa palimpsesti, jina lililotokana na ngozi za kuandikia za zamani ambazo maandishi yake yalikwanguliwa ili kuandikwa upya, lakini alama za mwanzo zikabaki. Doa la Memphis Facula, lenye kipenyo cha zaidi ya kilomita 300, ni mfano wake. Palimpsesti ni mabaki ya migongano iliyotokea wakati ganda lilipokuwa na joto zaidi kuliko sasa. Beseni la Gilgamesh, ambalo ni changa zaidi, bado lina milima na kuta zinazoonekana. Tofauti kati ya viwili hivyo ni ushahidi kwamba ganda la Ganymede lilipoa na kuwa gumu kadiri muda ulivyopita.

Ganymede na Callisto zina pia misururu ya kasoko zilizopangwa kwa mstari. Msururu wa Enki Catena kwenye Ganymede una kasoko 13 katika urefu wa takriban kilomita 160. Asili ya misururu hii ilieleweka baada ya kugunduliwa kwa nyotamkia Shoemaker-Levy 9 mwaka 1993. Nyotamkia hiyo ilikuwa imevunjwa vipande zaidi ya 20 na graviti ya Mshtarii mwaka 1992, na vipande vyake viligonga sayari hiyo kwa kufuatana mnamo Julai 1994. Nyotamkia iliyovunjika namna hiyo ikikutana na mwezi njiani, huacha msururu wa mashimo.

### Europa

Europa ina kasoko chache sana. Zenye kipenyo kinachozidi kilomita 10 ni takriban dazeni mbili tu. Kutokana na uchache huo, umri wa wastani wa uso wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 40 hadi 90. Huo ni muda mfupi ukilinganishwa na umri wa Mfumo wa Jua wa miaka bilioni 4.6, na maana yake ni kwamba uso umekuwa ukitengenezwa upya.

Kasoko Pwyll, yenye kipenyo cha takriban kilomita 25, ni miongoni mwa zilizo changa zaidi. Miali yake meupe ya vifusi huenea zaidi ya kilomita 1,000. Sakafu yake haina kina kikubwa na kilele chake cha katikati ni kirefu kuliko ukingo. Miundo ya Tyre na Callanish ni tofauti kabisa: ni sehemu bapa zilizozungukwa na pete nyingi, bila shimo la kawaida.

Kasoko hizi zimetumika katika mjadala kuhusu unene wa barafu ya Europa. Ganda likiwa jembamba, maji ya bahari yanaweza kuwasiliana na uso kwa urahisi na kupokea kemikali zinazotengenezwa huko na mnururisho. Likiwa nene, mawasiliano hayo huwa ya shida, na hilo linahusu moja kwa moja uwezekano wa kuwepo viumbehai. Mwaka 2002 mwanajiolojia Paul Schenk alilinganisha kina cha kasoko za Europa, Ganymede na Callisto. Aliona kwamba kasoko za Europa zinazozidi kilomita 30 hubadilika ghafla na kuwa miundo ya pete, akakadiria kuwa ganda lina unene wa angalau kilomita 19. Mwaka 2024 Shigeru Wakita na wenzake walitumia kompyuta kuiga migongano iliyozaa Tyre na Callanish. Pete zilitokea mahali panapofaa pale tu ganda lilipokuwa na zaidi ya kilomita 20, likiwa na tabaka gumu la kilomita 6 hadi 8 juu ya barafu vuguvugu.

Matokeo hayo yanahusu unene wakati wa mgongano na mahali pa mgongano. Hayamaanishi kwamba barafu ina unene uleule kila mahali leo.

## Miezi ya Zohali

Kipimaanga Cassini kilizunguka Zohali kuanzia mwaka 2004 hadi 2017 na kupiga picha za miezi yake mingi. Miezi mingi ya barafu hapa ni midogo, hivyo graviti yake ni hafifu na kasoko zake huwa na kina kirefu zaidi kuliko za Ganymede zenye kipenyo sawa.

### Mimas

Mimas ina kipenyo cha takriban kilomita 396, na kasoko yake Herschel ina takriban kilomita 139, yaani zaidi ya theluthi moja ya kipenyo cha mwezi wenyewe. Kilele cha katikati kina urefu wa takriban kilomita 6. Mgongano mkubwa zaidi kidogo ungeweza kuupasua mwezi huo vipande.

Kwa kuwa uso wa Mimas umejaa kasoko zenye kina na hauna dalili za shughuli za ndani, kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa barafu tupu iliyoganda. Mwaka 2024 Valéry Lainey na wenzake walitangaza kwamba mwendo wa Mimas unaelezeka vizuri zaidi ikiwa kuna bahari chini ya barafu yenye unene wa kilomita 20 hadi 30. Jambo hili lilileta swali kuhusu Herschel. Uigaji wa kompyuta uliochapishwa mwaka 2022 na Adeene Denton na Alyssa Rhoden ulionyesha kwamba kasoko yenye umbo kama la Herschel ilihitaji ganda lenye angalau kilomita 55 wakati wa mgongano. Katika ganda jembamba zaidi, shimo na kilele visingebaki kama vilivyo.

Matokeo hayo mawili yanapatana ikiwa ganda limekuwa likipungua tangu Herschel ilipotokea. Kwa hiyo bahari ya Mimas huenda ni changa mno. Lainey na wenzake walikadiria umri wake kuwa chini ya miaka milioni 25, muda ambao hautoshi kubadilisha sura ya uso.

### Tethys, Rhea na Iapetus

Kwenye Tethys kuna Odysseus, beseni lenye kipenyo cha takriban kilomita 445 kwenye mwezi wenye kipenyo cha kilomita 1,062. Sakafu yake imeinuka hadi kufuata mviringo wa mwezi wenyewe, dalili kwamba barafu ililegea baada ya mgongano. Bonde kubwa la Ithaca Chasma, lenye urefu wa takriban kilomita 2,000, lilidhaniwa kuwa ufa uliosababishwa na mgongano huo. Hesabu ya kasoko kutoka picha za Cassini imeonyesha kuwa bonde hilo linaelekea kuwa la kale kuliko Odysseus, hivyo dhana hiyo imepoteza nguvu.

Mabeseni ya Rhea yamelegea kwa kiasi fulani. Yale ya Iapetus, kama Turgis lenye kipenyo cha takriban kilomita 580, yamehifadhi kina chake zaidi. Iapetus iko mbali na Zohali, na inaonekana ganda lake lilikuwa tayari baridi na gumu mabeseni hayo yalipotokea.

### Enceladus

Enceladus ina kipenyo cha kilomita 504 tu, lakini uso wake hutofautiana sana kati ya eneo na eneo. Kaskazini kuna kasoko nyingi, ilhali kwenye ncha ya kusini, ambako mwaka 2005 Cassini iligundua mvuke na chembe za barafu zikirushwa angani kutoka katika nyufa, hakuna kasoko kubwa hata moja. Kasoko nyingi za kaskazini zimelegea, zimepasuliwa na nyufa au kufunikwa na theluji ya chembe zinazorudi usoni. Sakafu za Ali Baba na Aladdin zimeinuka kuwa makuba. Kulegea kwa kasoko ndogo kiasi hiki katika baridi kubwa kunahitaji joto jingi kutoka ndani, hivyo kunaonyesha kwamba shughuli za Enceladus hazikuwa daima kwenye ncha ya kusini peke yake.

### Titan

Titan ni mwezi wa pekee wenye angahewa nzito. Vitu vidogo huungua au kuvunjika hewani kabla ya kufika usoni, na kasoko zinazotokea huliwa na mvua na mito ya methani au kujazwa na mchanga wa matuta. Ndiyo sababu kasoko zake ni chache, na nyingi zina kina kidogo kuliko zile za Ganymede zenye ukubwa uleule. Kubwa kuliko zote ni Menrva, yenye kipenyo cha takriban kilomita 400.

Kasoko Selk, yenye kipenyo cha takriban kilomita 80, ina umuhimu wa pekee. Uso wa Titan una kemikali nyingi za kaboni. Mgongano uliochimba Selk uliyeyusha barafu, na maji hayo yaliweza kuchanganyika na kemikali hizo kwa muda kabla ya kuganda tena. Mchanganyiko huo unaweza kuonyesha hatua za awali za kemia iliyotangulia uhai.

## Miezi ya Uranus na Neptun

Miezi hii ilitembelewa mara moja tu, na Voyager 2: ile ya Uranus mnamo Januari 1986 na ile ya Neptun mnamo Agosti 1989. Kwenye miezi mikubwa ya Uranus ni hasa nusutufe ya kusini iliyopigwa picha. Oberon na Umbriel zina kasoko nyingi za kale, ilhali Ariel na sehemu za Miranda zimefanyiwa upya. Sakafu ya kasoko Hamlet kwenye Oberon imefunikwa na dutu nyeusi, na ndani ya Wunda kwenye Umbriel kuna pete nyeupe inayong'aa.

Triton ina kasoko chache sana, na uso wake hukadiriwa kuwa na umri wa chini ya miaka milioni 100. Kubwa iliyotambuliwa ni Mazomba, yenye kipenyo cha takriban kilomita 27.

## Kukadiria umri

Uso wenye kasoko nyingi ni wa kale kuliko uso wenye kasoko chache. Kanuni hii hutoa mpangilio wa matukio, lakini haitoi miaka. Kwa Mwezi wa Dunia miaka ilipatikana kwa kupima mawe yaliyoletwa na safari za Apollo na Luna. Hakuna sampuli kutoka mwezi wowote wa barafu, hivyo umri hutegemea makadirio ya idadi ya nyotamkia zinazopita karibu na sayari za nje.

Makadirio hayo yana matatizo kadhaa:

* Kasoko za upili. Mwaka 2005 Beau Bierhaus na wenzake walionyesha kuwa takriban asilimia 95 ya kasoko ndogo za Europa zilichimbwa na vifusi vya migongano mikubwa, si na vitu kutoka angani. Kuzihesabu zote kungefanya uso uonekane wa kale kuliko ulivyo.
* Vifusi vinavyozunguka sayari. Karibu na Zohali huenda migongano mingi ilisababishwa na vipande vya miezi iliyovunjika. Mwaka 2016 Matija Ćuk na wenzake walipendekeza kuwa miezi ya ndani ya Zohali yenyewe ina umri wa takriban miaka milioni 100 tu. Pendekezo hilo bado linabishaniwa.
* Upande wa mbele na wa nyuma. Mwezi unaoelekeza uso mmoja kwa sayari yake unapaswa kugongwa zaidi upande unaotangulia njiani. Kwenye Ganymede tofauti iliyopimwa ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa, labda kwa sababu ganda lake liliwahi kuzunguka bila kufungamana na sayari.

## Majina

Majina ya kasoko huidhinishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, na kila mwezi una chanzo chake. Kasoko za Callisto hupewa majina kutoka hadithi za watu wa kaskazini, za Europa kutoka hadithi za Wakelti, na za Ganymede kutoka hadithi za Misri na Mashariki ya Kati ya kale, kama vile Osiris. Kasoko za Tethys hutokana na tenzi za Homer, na za miezi ya Uranus hasa na tamthilia za Shakespeare. Majina ya Enceladus yametoka katika Alfu Lela Ulela, hadithi zinazojulikana sana kwa wasomaji wa Kiswahili: pamoja na Ali Baba na Aladdin kuna pia Dunyazad.

## Utafiti unaoendelea

Kipimaanga JUICE cha Shirika la Anga la Ulaya kilirushwa tarehe 14 Aprili 2023. Kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2031, na baadaye kuzunguka Ganymede. Europa Clipper ya NASA ilirushwa tarehe 14 Oktoba 2024 na inatarajiwa kufika mwaka 2030. Vyote viwili vina rada ya kupenya barafu. Kwa mara ya kwanza unene uliokadiriwa kutokana na umbo la kasoko utaweza kulinganishwa na vipimo vilivyochukuliwa ndani ya ganda lenyewe.

Kwa upande wa Titan, NASA inaandaa Dragonfly, chombo kinachoruka kwa rafadha. Kimepangwa kurushwa mwaka 2028 na kufika mwaka 2034. Kitatua kwenye uwanda wa matuta ya mchanga karibu na Selk, kisha kusogea kwa kuruka hatua kwa hatua kuelekea kasoko hiyo.